Aliyeitika Injinia

"Wewe ndiye Injinia?" polisi aliuliza.

"Ndiye mimi, afande."

Alijitia kitanzini hivyo, kwa adabu tu, kama mtu anayeitikia hodi. Jina hilo alikuwa ameitwa asubuhi ileile na muuza mkaa, na mama mmoja aliyetaka bawaba ya mlango, na watoto waliokuwa wanakwenda shule. Mtu akisema "Injinia" popote mtaani, yeye hugeuka. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho, halina kazi nyingine. Kwa hiyo hakuelewa kwamba ameulizwa habari za elimu. Alielewa kwamba ameulizwa kama yeye ndiye yeye.

Polisi akaandika, taratibu, kichwa kimeinama. "Na ile stendi ya matangi ya maji iliyoanguka jana, uliijenga wewe?"

"Niliijenga mimi."

"Lilipoongezwa tangi la tatu, ni wewe uliyesema itabeba?"

"Nilisema."

Polisi akaweka kalamu chini, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. "Injinia mzima," akasema, "halafu stendi inamwangukia mtu."

Hapo ndipo alipoelewa alichoulizwa, lakini jina lilikuwa limeshaandikwa. Akaambiwa avue mkanda na viatu. Suruali yake ya kazini ilikuwa kubwa, ya kuvaliwa juu ya nyingine, na bila mkanda ilibidi aishike kwa mkono mmoja kama mtoto aliyetumwa chooni. Alipoingizwa mahabusu, mlevi mmoja aliyekuwa amejinyoosha kwenye sakafu alifungua jicho moja.

"Mzee, wewe nani, umefanya nini?"

"Injinia," akajibu, na papo hapo akatamani kuumeza ulimi wake.

"Karibu," mlevi akasema. "Mimi ni daktari wa macho." Akacheka mpaka akakohoa.

Mkewe alikuja kumdhamini jioni, baada ya kufunga meza yake ya mboga mapema na kuomba majirani wamwangalizie. Siku zote humwita Injinia, nusu kwa kumtania na nusu kwa fahari. Siku hiyo alisema tu, "Twende, baba," akampa mkanda wake uliokunjwa, akageukia pembeni ili asimwone anavyojifunga.

*

Yaliyotokea ni mepesi kueleza. Nyuma ya jengo moja la kupangisha kulikuwa na uwanja mdogo wa kuanikia nguo, na juu ya uwanja huo stendi ya chuma iliyobeba matangi mawili ya maji. Ilikaa vizuri tu, watu wakaizoea, wakafunga kamba za nguo kwenye miguu yake. Wapangaji walipozidi, mwenye jengo, ambaye mafundi wote walimwita Tajiri, akataka tangi la tatu. Tajiri haishi pale. Alimpigia simu msimamizi wake, akasema, "Usipandishe kitu kabla injinia hajasema." Msimamizi akavuka barabara, akaingia karakana ya kuchomelea vyuma yenye kibao kilichoandikwa INJINIA kwa rangi nyekundu, akauliza, akajibiwa. Akarudi kwenye simu: "Injinia amesema sawa." Hakuna aliyedanganya katika simu ile. Kila mmoja alisema alichokijua, na tangi likapandishwa.

Upepo ulipovuma mchana mmoja, stendi ikalala. Mshonaji mmoja wa chumba cha chini, ambaye watu humwita Mama Cherehani, alikuwa chini yake akianua mashuka. Nguzo moja ilimwangukia mguuni.

*

"Ungesema wewe ni fundi tu," mkewe alisema nyumbani, akimwekea maji ya kunawa. "Polisi anakuuliza injinia, wewe unaitika. Ungeitika na nini kingine? Wangeuliza rubani, nako ungeitika?"

"Ndilo jina langu."

"Si jina, baba watu. Ni utani uliokomaa."

Binti yao aliingia akiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni. Huyu ndiye aliyesoma. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, uhandisi wa majengo, na shahada yake ilikuwa imetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya chuma ambayo baba yake aliichomelea mwenyewe, nzito mno kwa karatasi moja, ukuta uliwahi kutoa msumari. Sasa yuko kwenye ofisi ya wahandisi, anabeba vipimo vya watu wengine. Aliketi bila kuvua viatu.

"Wamekushtaki kwa nini hasa?" akauliza.

"Uzembe. Halafu kuna jingine wanasema litakuja, kujiita nisichokuwa."

"Kujiita mhandisi bila kusajiliwa. Hilo ni kosa, baba. Lina adhabu yake."

"Mimi sijajiita. Nimeitwa."

"Kibao nani alikiandika?"

Fundi akanawa mikono tena ingawa ilikuwa safi. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kifuani muda mrefu, tangu siku ya mahafali, na hakupata pa kulitolea. "Wewe mwenyewe umesajiliwa?"

"Bado."

"Na chuo chote kile?"

"Chuo ni mwanzo. Unamaliza, unafanya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa mpaka waridhike, unahojiwa, ndipo wanakupa. Kabla ya hapo hata mimi siruhusiwi kujiita."

"Kumbe," fundi akasema. Akawaza kidogo, akatikisa kichwa. "Mimi sikuvuka shule ya msingi, naitwa mtaa mzima. Wewe umesoma mpaka macho yamekuuma, huitwi na mtu."

Alikusudia kumwonea huruma. Binti aliyasikia vingine. Aliinuka akaenda kuvua viatu chumbani, na mkewe akamkata mumewe jicho ambalo halikuhitaji maneno.

*

Kesho yake binti aliomba ruhusa kazini, wakaenda pamoja kuiona stendi. Ilikuwa imelala ubavu kwenye uwanja, imezungushiwa utepe. Matangi mawili yalipasuka. Jingine lilibingirika hadi ukutani, likabaki zima kana kwamba halihusiki. Mashuka yalikuwa bado kwenye kamba, yamekanyagwa na kujaa tope.

Fundi aliruka utepe, akaenda moja kwa moja kwenye maungio. Alipiga magoti, akapitisha kidole gumba juu ya kila mshono wa weldingi, kona kwa kona, akisugua tope kwa kiganja. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umepata damu tena.

"Njoo uone. Hakuna hata mshono mmoja ulioachia. Hata mmoja. Watasema nini sasa?"

Binti hakuwa anaangalia maungio. Alikuwa amesimama nyuma kidogo, mikono kwapani, anaitazama miguu ya stendi.

"Baba, angalia miguu."

"Imefanya nini? Imekatika?"

"Haikukatika. Imejikunja. Ni mirefu, myembamba, na haina vyuma vya mshazari vya kuishikisha pamoja. Mzigo ulipozidi na upepo ukasukuma, haikuwa na cha kuizuia."

"Tajiri ndiye alisema nisiweke mshazari. Wapangaji wapate pa kupita na nguo zao."

"Na wewe ukakubali."

"Kwani matangi mawili hayakukaa?"

"Yalikaa kwa bahati. Hata kwa mawili ilikuwa pembeni mwa hatari. La tatu ndilo lilimaliza."

Fundi aliendelea kupiga magoti. "Kwa hiyo kazi yangu ya kuchomelea—"

"Nzuri. Sijaona nzuri kama hiyo ofisini kwetu. Lakini kosa haliko hapo."

Hiyo ndiyo sifa iliyomwumiza kuliko lawama yoyote. Laiti ingekuwa mshono umeachia, angejua la kufanya: angeukata, angeusaga, angeurudia, angewaomba watu radhi. Mshono mbaya ni aibu ya siku moja. Hili lilikuwa jambo ambalo amelifanya miaka yote, kwenye stendi nyingine ambazo ziko juu ya vichwa vya watu muda huu, bila kujua kwamba halijui. Alianza kuzihesabu akilini, akaacha, akaogopa.

"Nilikuuliza," akasema, akiwa ameinamia chuma.

Binti alikuwa amekaa na neno hilo tangu stendi ilipoanguka. Alikuwa ameomba, kwa kuomba kwa dhati, kwamba baba yake awe amesahau.

Siku ile msimamizi alipokuja karakanani, fundi hakujibu hapohapo. Alisema atatoa jibu asubuhi. Jioni, mezani, akamwuliza binti yake: stendi ya matangi mawili, ukiongeza la tatu, itabeba? Aliuliza vizuri, sahani ameisogeza kando. Lakini siku hiyo binti alikuwa ametoka kazini na moyo uliochubuka. Mteja mmoja alimwita mhandisi mbele ya bosi, na bosi akacheka, akasema, "Huyu bado, huyu anatubebea kamba tu." Akarudi nyumbani, njiani akipita mbele ya kibao cha baba yake chenye maandishi mekundu, akaketi, akaulizwa swali. Akasema, "Kwani injinia wa hapa ni nani? Si wewe? Jiulize."

Mama yake alicheka. Baba yake naye alicheka, na kwa raha, maana aliona amepewa heshima na msomi wake mwenyewe. Asubuhi akamwambia msimamizi itabeba.

"Najua uliniuliza," binti akasema sasa, na machozi yakamtoka bila kelele, yakamdondokea kwenye kitambulisho.

"Sikusemi mwanangu. Nakumbusha tu." Akajinyanyua kwa kushika kile chuma kilichojikunja. "Wewe usiseme hili popote. Wakijua, hawatakusajili."

*

Hospitali walikwenda watatu, mkewe ametangulia na kikapu. Mama Cherehani alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mguu umefungwa na kuning'inizwa. Fundi alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi.

"Injinia," Mama Cherehani akasema, akatabasamu kidogo. "Umekuja."

Hakulisema kwa kejeli. Lingekuwa la kejeli lingemfaa.

"Pole, dada," mkewe akasema. "Pole sana. Tumekuletea matunda."

"Asanteni. Wanasema mfupa utaunga, ila mguu hautapinda tena kama zamani." Akatazama juu. "Na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nimemwuliza daktari kama nitaweza kukanyaga kwa mguu mmoja. Akasema nijaribu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alijitia kulala ili asikilize vizuri.

"Unajua," Mama Cherehani aliendelea, na sasa alikuwa anamwambia fundi peke yake, "tangi la tatu lilipopandishwa, stendi ilikuwa inalia upepo ukija. Kwi, kwi. Jirani yangu akahamisha kamba yake. Akaniambia na mimi nihamishe. Nikamwambia, wewe unaogopa nini, hiyo ameijenga Injinia. Nikachukua na nafasi yake ya kuanika."

Fundi akaikunja kofia mkononi. Mkewe ndiye aliyeusogeza ule mkono wake wenye kofia, akamwongoza kutoka kama anayemwongoza kipofu. Kwenye korido aliegemea ukuta akalia, mtu mzima yule, na wauguzi wakapita wakimkwepa. Binti alibaki mlangoni mwa wodi. Alitaka kurudi ndani akamwambie mgonjwa ukweli, na hakujua huo ukweli ungemsaidia nini mtu ambaye mguu wake haupindi.

*

Tajiri alikuja karakanani siku moja kabla ya kikao ambacho manispaa iliitisha kuhusu ile stendi. Aliegesha gari mbali, akaja kwa miguu, akavuta kigoda akakaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Injinia wangu," akasema. "Nasikia unataka kwenda kujishusha huko."

"Kujishusha vipi?"

"Kusema wewe ni fundi. Hivi unajijua? Hao wenye makaratasi wanaweza kuchomelea kama wewe? Waambie wakushikie mashine, wataungua nyusi. Wewe ni injinia wa kuzaliwa. Mimi nitakuwa shahidi wako. Nitasema mtu huyu ni injinia, nilimwamini kama injinia, na bado namwamini."

Mkewe, aliyekuwa ameleta chai, akasimama na kikombe. Yeye hakusoma sheria, lakini miaka ya kuuza mboga ilimfundisha kusikia mtu anapopandisha sifa ili kushusha kitu kingine.

"Na akiwa injinia, tajiri," akauliza, "stendi inakuwa kosa la nani?"

"La upepo," Tajiri akasema.

"Na akiwa fundi?"

Tajiri akacheka, akachukua kikombe. "Mama, haya mambo ni ya wanaume wa kazi." Kisha akamgeukia fundi kwa sauti ya chini. "Nina jengo jingine naanza. Mageti yote, madirisha yote, ngazi. Sitampa mtu mwingine. Wewe simama na jina lako tu."

Alipoondoka, fundi alikaa muda mrefu akiitazama mashine yake. Mkewe aliona wazi kwamba kile kilemba cha ukoka kimemkaa. Si kwamba fundi hakuuona ujanja. Aliuona. Lakini katika siku zote hizo tangu mahabusu, huyu tapeli ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia yeye ni mtu, na alikuwa na njaa ya kuambiwa.

"Usinitazame hivyo," akamwambia mkewe.

"Sikutazami wewe. Nafikiria mguu wa yule dada," mkewe akasema, akaokota kikombe cha Tajiri. Chai ilikuwa haijaguswa.

*

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza ndefu na feni iliyokuwa inazunguka kwa kusitasita. Mkaguzi wa majengo alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Upande mmoja alikaa Tajiri na msimamizi wake. Upande wa pili fundi. Na nyuma, kwenye benchi la wasikilizaji, mkewe na binti.

Tajiri alianza. Alikuwa amevaa suti, akazungumza kwa mpangilio. "Mheshimiwa, mimi nilifuata taratibu. Nilisema tangi lisipandishwe kabla injinia hajatoa kauli. Nikaambiwa Injinia ametoa kauli. Mimi ni mfanyabiashara, nitajuaje zaidi ya injinia?"

"Uliomba kuona usajili wake?" mkaguzi akauliza.

"Mheshimiwa, mtu anaitwa Injinia na mtaa mzima. Polisi wenyewe wamemwuliza, akakubali."

Mkaguzi akavaa miwani, akamgeukia fundi. "Mzee, jina hilo ulipewa na nani?"

"Na watu, mheshimiwa. Pampu ya maji ya mtaa iliharibika, mafundi wakashindwa, nikaitengeneza. Mtu mmoja akapiga kelele, huyu si fundi, huyu ni injinia. Likabaki."

"Ukalipenda."

"Nililipenda."

"Ukaliandika kwenye kibao."

"Niliandika. Rangi nilinunua mwenyewe."

Kulikuwa na kicheko kidogo chumbani. Mkaguzi hakucheka. "Sasa nakuuliza mimi, na ujibu polepole. Wewe ni mhandisi?"

Tajiri alimtazama fundi na kumwinamishia kichwa, kama anayempa mtu moyo. Fundi alishika ukingo wa meza. Neno fundi alikuwa amelitumia maisha yake yote: fundi seremala, fundi bomba, fundi fulani hajui kazi. Siku nyingi lilikuwa halijapita kinywani mwake likimhusu yeye. Alipolitafuta, aligundua kwamba analionea haya, na kuligundua hilo kulimwonesha aibu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, maana baba yake alikuwa fundi, na fundi ndiye aliyelisha nyumba ile na kulipia shahada iliyo ukutani.

"Hapana," akasema. "Mimi ni fundi. Fundi wa kuchomelea. Kuunganisha vyuma najua. Kupima kitakachobebwa na vyuma sikufundishwa, na nilifanya kama najua."

Tajiri akakoroma kwa pua, akaegemea kiti.

"Fundi si tusi, mzee," mkaguzi akasema, kwa upole zaidi.

"Najua, mheshimiwa."

"Kabla ya kusema itabeba, hukumwuliza mtu yeyote mwenye elimu hiyo?"

Mkewe, kule nyuma, alimshika binti mkono. Fundi hakugeuka. Hakuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Sikumwuliza mtu. Niliamua mwenyewe."

"Aliniuliza mimi."

Binti alikuwa ameshasimama. Mkono wa mama yake ulikuwa bado umemshika kidole kimoja, ukamwachia.

"Kaa chini mwanangu," fundi akasema bila kugeuka.

"Aliniuliza, mheshimiwa. Mezani, nyumbani. Nimesoma uhandisi wa majengo. Ningeuliza urefu wa miguu tu, ningejua. Sikuuliza. Nilimjibu kwa kejeli, akadhani nimemkubalia."

Mkaguzi alivua miwani. "Wewe umesajiliwa?"

"Nina shahada. Usajili bado."

"Unafanya kazi chini ya mhandisi?"

"Ndiyo."

"Na kazi hii ilipitia kwa mhandisi wako?"

"Hapana. Ilikuwa nyumbani."

Mkaguzi akapumua. "Basi, binti, kwa mambo ya kikao hiki, wewe hukuulizwa. Baba alizungumza na mtoto wake wakati wa chakula. Siwezi kuandika kwamba mhandisi alishauriwa, kwa sababu mhandisi hakuwepo."

"Lakini nilikuwepo," binti akasema. "Na nilikuwa najua."

"Naelewa. Kaa."

"Ningeweza kuzuia."

"Nimekuelewa, mama. Kaa chini."

Alikaa. Alikuwa amekuja kutwishwa sehemu yake ya lile kosa, na hakuna aliyekubali kumtwisha. Angekuwa mhandisi angeadhibiwa. Kwa kuwa alikuwa bado, alirudishiwa lote abaki nalo mwenyewe.

"Kumbe nyumba nzima haina injinia," Tajiri akasema, akitafuta wa kucheka naye. Hata msimamizi wake alitazama feni.

Mkaguzi alitoa uamuzi kabla ya chakula cha mchana. Aliyejenga na kuongeza mzigo bila mhandisi ni mwenye jengo, na matibabu ya majeruhi ni juu yake. Cherehani ya umeme pia, aliongeza, baada ya mkewe fundi kunyoosha mkono nyuma kule na kueleza ile ya kukanyaga. Fundi ateremshe kibao. Asijenge tena kitu cha kubeba mzigo juu ya vichwa vya watu mpaka mhandisi aliyesajiliwa akichore, na awaoneshe watu wa manispaa kila stendi aliyowahi kuijenga. Ya polisi yangefuata njia yake. Mkaguzi angewaandikia kwamba kuhusu jina mzee alisema kweli.

"Stendi hizo unazikumbuka zote?" akamwuliza.

"Nazikumbuka, mheshimiwa," fundi akasema. "Tangu siku ile sijafikiria kitu kingine."

*

Kibao kilikuwa kimechomelewa kwenye fremu ya mlango, kwa hiyo hakikuweza kung'olewa, ilibidi kukatwa. Fundi alivaa miwani ya kazi, akawasha mashine ya kukatia, cheche zikaruka hadi barabarani. Binti alishika upande wa pili kisije kikaanguka. Mshono ule ulikuwa mzuri, ukachukua muda kukubali.

Walikibeba kwenda nyumbani wawili, maandishi yamegeuziwa ndani, upande wa tumbo. Kilikuwa kizito kuliko walivyodhani.

"Kwa nini ulisema?" fundi akauliza walipofika kwenye kona. "Nilishalimaliza."

"Kwa sababu uliniuliza kweli."

"Hata hawakukuhesabu."

"Hawakunihesabu."

Fundi alibadilisha mkono, akatembea hatua kadhaa. "Mimi nilikuhesabu," akasema. "Ndiyo maana nilikuuliza." Hakusema kwa kumlaumu, na binti alijua hivyo, na bado aliliona zito kuliko kile kibao. Alisogea tu karibu zaidi ili mzigo ukae sawa kati yao.

Walipopita mbele ya magunia ya mkaa, muuza mkaa alitoka kivulini akijifuta mikono. Geti lake lilikuwa limetoka kwenye reli tangu juma lililopita.

"Injinia!" akaita.

Baba hakugeuka, na binti hakugeuka. Muuza mkaa akadhani hawajasikia, akaita tena.